Mgeni wa Saa 3 Hapangishwi Siku 8

Ndugu zangu mnaoshika seva za ofisi hapa Mwanza, nalisema tena, maana wiki hii nimeitwa kwa tatizo lilelile la anwani za mtandao kuisha.

Chukueni gesti ya Kirumba. Mgeni kaingia asubuhi, kaandikishwa siku 8. Mchana kapanda meli ya Nansio, hakuaga, funguo kaondoka nayo. Daftari la mapokezi linasema chumba kina mtu. Anayefika jioni na begi lake anarudishwa, na kitanda ni kitupu! Ndivyo inavyokuwa DHCP, yaani huduma ya seva inayokipa kila kifaa anwani yake (namba ya kukitambulisha mtandaoni), ikigawa anwani kwa muda mrefu kwa watu wa kupita.

Kulikuwa na ukumbi mmoja wa semina. Mtandao wake ulikuwa na anwani 254, 1 ya ruta, na seva ilizigawa kwa siku 8. Jumatatu walikuja watu 120, kila mmoja na simu na kompyuta mpakato. Hizo ni 240. Jumanne likaja kundi jingine: vifaa 13 vikapata anwani, basi. Kompyuta nyingine zikajipa anwani zinazoanza na 169.254. Ukiiona namba hiyo, jua hakuna seva iliyoijibu. Watu wakailaumu kampuni ya intaneti. Fundi akazima seva na kuiwasha mara tatu. Orodha ya anwani zilizogawiwa iko kwenye diski, ikarudi vilevile. Nilipoifungua, anwani 240 zilikuwa za watu waliokwisha kurudi Geita na Sengerema. Nikazifuta, nikaweka muda wa dakika 120. Kufuta ni lazima, kwa sababu muda mpya haugusi anwani zilizokwisha kutolewa.

Mtaniambia muda mfupi utajaza mtandao maombi. Hapana! Kifaa huomba kuongezewa muda unapofika nusu, yaani mara 1 kwa saa, kwa jumbe mbili ndogo. Picha moja ya WhatsApp ni nzito kuliko maombi yake ya siku nzima.

Mwingine atasema tupanue mtandao ufike anwani 1,022. Panueni, lakini kwa siku 8 nazo zitajaa. Kuandika anwani kwa mkono? Mtu akifika na kompyuta hiyo nyumbani Nyegezi, haiingii mtandaoni. Waachieni printa hizo.

Halafu simu za Android 10 na iOS 14 kwenda mbele hubuni anwani ya MAC (namba ambayo seva hukitambua kifaa kwayo) kwa kila jina la waifai. Ukumbi wenye majina mawili, simu moja itahesabiwa mbili. Wekeni jina moja.

Ruta za nyumbani zinazochomekwa ofisini tutazisema baada ya chai. Sasa aliye na kompyuta aifungue, tuanze na seva ya ukumbi huu.