Basofili: seli tunayoiandikia 0 kabla ya kuitafuta

Asalaam aleikum, na habari za asubuhi. Nawashukuru mliofika hapa Tanga mjini, wanafunzi wa maabara na ndugu zetu wa mifugo kutoka Muheza na Pangani. Leo nina seli moja tu, basofili, mojawapo ya seli nyeupe za damu, na nimeichagua kwa sababu ndiyo tunayoionea.

Mnajua wenyewe. Tukihesabu seli nyeupe, nyutrofili tunazipa haki yake, limfosaiti vivyo hivyo. Tukifika mstari wa basofili, mkono unaandika 0 jicho halijatafuta. Nami nimefanya hivyo, na najuta. Kwa mtu mzima mwenye afya, basofili kwa kawaida haizidi 1 katika seli nyeupe 100. Kwa hiyo ukihesabu 100 ukaikosa, bado hujathibitisha kitu. Hesabu 200, na kama kuna la kutia shaka, endelea.

Ukiipata, hutaisahau. Weka tone la mafuta, teremsha lenzi ya 100. Kiini kipo, aghalabu cha pande mbili, ila hukioni vizuri: kimelaliwa na punje nene, rangi ya tunda la zambarau lililoiva mpaka linakaribia weusi. Punje hizo hazilingani, kubwa na ndogo zimechanganyika. Nyutrofili ya mgonjwa mwenye maambukizi makali nayo hukoza punje, lakini zake ni ndogondogo na kiini hubaki wazi. Ukiona punje zimetapakaa hadi nje ya seli, huo ni uchafu wa rangi, chuja rangi yako.

Na tusiharakishe slaidi. Punje za basofili huyeyuka kwenye maji. Damu isipokauka vizuri na kukazwa kwa methanoli, punje hutoka na kuacha vishimo vyeupe, nawe utapita bila kuijua. Mjerumani Paul Ehrlich aliyeieleza mwaka 1879 aliijua kwa rangi hasa, kwa jinsi punje zake zinavyoshika rangi za besi. Jina basofili limetoka hapo.

Sasa, punje hizo zina nini? Zina histamini. Juu ya seli hukaa kingamwili aina ya IgE, kila moja ikisubiri kitu inachokitambua. Kitu hicho kikija na kuziunganisha, seli humwaga punje zake: mishipa midogo ya damu hutanuka, ngozi huvimba na kuwasha. Ndiyo maana tunaitaja kwenye mzio.

Lakini haikuumbwa ili tuwashwe, na hapa nawageukia watu wa mifugo. Mwaka 1939 mtafiti William Trager alionyesha kwamba simbilisi waliokwisha kuumwa na kupe, wakiumwa tena, kupe wengi hawashibi. Baadaye ilionekana basofili zinakimbilia pale pale kupe alipong'ata, na watafiti walipoziondoa kwa simbilisi, kinga ile ilipungua sana. Seli isiyofika moja katika mia, inamnyima kupe damu! Kwa mkoa wa ng'ombe wa maziwa na majosho kama huu wetu, mimi naona hilo ni jambo kubwa. Hushiriki pia dhidi ya minyoo, kwa kutoa ishara zinazoita seli nyingine.

Kuna swali naulizwa sana: mtu kala jodari, uso umekuwa mwekundu, kichwa kinagonga, je ni mzio? Pengine sivyo. Jodari au kibua aliyekaa juani, bakteria humtengenezea histamini ndani ya nyama, na kumpika hakuiondoi. Dalili zinafanana, ila hapo basofili haina kosa. Muulize mgonjwa samaki alikaa wapi, na kama waliokula naye wameugua.

Upande wa pili ni basofili zikizidi. Zikipanda na kubaki juu, hasa seli nyeupe zikiwa nyingi mno na changa zimeonekana, fikirini saratani ya damu sugu ya mailoidi, na daktari aambiwe siku hiyo hiyo. Hapo ile 0 ya mazoea inamnyima mtu siku za matibabu.

Darubini mbili zimewashwa pale dirishani. Anzeni na ya kulia, ina basofili nyingi, jicho lizoee. Ya kushoto nimeikuta na mbili tu katika seli 200. Kila mmoja azitafute, na asimwonyeshe mwenzake zilipo.