Wanaume Kwenye Mchuchumio: Ulichekea Nini?

Asante, Mwenyekiti. Mabibi na mabwana, kabla sijafungua karatasi zangu nina neno na ndugu mmoja aliyeketi mstari wa nyuma kabisa, mwenye shati la bluu. Mwenyekiti alipotangaza kwamba mada ya leo ni wanaume wanaovaa viatu vya mchuchumio ili kuchangisha fedha, wewe ndiye uliyecheka wa kwanza, na kicheko chako kikawaambukiza wenzako hadi huku mbele walikoketi wazee. Sikulaumu. Nilipoziona picha zile mara ya kwanza nami nilicheka. Ila nakuomba ukitunze kicheko hicho, maana nikimaliza nitakuuliza ulichekea nini.

Haya, tukio lenyewe. Mwaka 2001, katika jimbo la California huko Marekani, Frank Baird alianzisha matembezi ya wanaume wachache waliovaa viatu vya kike vyenye visigino virefu, wakazunguka bustani huku wakipepesuka. Matembezi hayo yanaitwa Walk a Mile in Her Shoes, yaani tembea maili moja ukiwa umevaa viatu vyake, huyo mwanamke. Waingereza na Wamarekani husema humwelewi mwenzako mpaka utembee maili moja na viatu vyake; Baird akauchukua msemo huo neno kwa neno, akauvaa miguuni. Shabaha ilikuwa kupinga ubakaji na ukatili wanaofanyiwa wanawake, na fedha zinazopatikana husaidia vituo vinavyowahudumia waliofanyiwa unyama huo. Matembezi yakasambaa Marekani, yakavuka hadi Kanada na kwingineko. Mengi hufanyika Aprili, mwezi ambao Wamarekani wameutenga kuzungumzia janga hilo.

Sisi wenye Kiswahili tuna la kwetu: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hebu yaweke mawili haya pamoja. Kiatu unakijaribu mchana kweupe, umezungukwa na wenzako, maili moja tu, kilomita moja na nusu na kidogo, kisha unakivua. Kitanda unakilalia usiku, mlango umefungwa, na hakuna anayekuona unavyojikuna. Naomba mkishike kitanda hicho, tutakirudia.

Sasa wale wa kando ya barabara. Wanafanya nini? Wengi wanacheka na kutoa simu. Askari polisi mwenye ndevu anateleza, anadakwa na mwenzake, watu wanashangilia. Waandaaji wanajua hivyo, na nadhani ndivyo walivyotaka. Kicheko ndiyo nauli yao. Kanada mwaka 1991 wanaume walianzisha kampeni ya kuvaa utepe mweupe kupinga ukatili huohuo, baada ya wanawake 14 kuuawa katika chuo cha uhandisi cha École Polytechnique, Montreal, Desemba 1989. Utepe ni jambo la heshima, na hauna kosa hata moja. Lakini hakuna mtu aliyewahi kusimamisha gari ili apige picha ya utepe.

Wako pia wanawake wanaotazama wakiwa wamekunja mikono. Utasikia mmoja anauliza: maili moja tu? Kisigino kikipanda, uzito wa mwili husukumwa mbele, ukaelemea vidole na sehemu ya unyayo iliyo nyuma yake. Goti na kiuno vinalazimika kujipanga upya. Watafiti wa Uingereza walichapisha mwaka 2010 kwamba wanawake waliozoea kuvaa viatu hivi kwa miaka mingi walikuwa na nyuzi za misuli ya shavu la mguu zilizofupika, na kano ya kisigino iliyokakamaa. Wengine hata kuvaa viatu bapa kunawauma. Bwana anayeshangiliwa kwa malengelenge mawili hajafika huko.

Tena wapo wasiochagua. Nicola Thorp alifika kazini London Desemba 2015, kibarua cha mapokezi, akaambiwa viatu vyake bapa havifai, anunue vyenye kisigino cha inchi 2 hadi 4. Alipokataa alirudishwa nyumbani bila malipo. Ombi lake kwa bunge lilipata saini zaidi ya 150,000, na wabunge wakalijadili mwaka 2017. Japani mwaka 2019, Yumi Ishikawa aliongoza kampeni ya kupinga sharti kama hilo kazini, akaipa jina la KuToo kwa kuchezea maneno mawili ya Kijapani yanayofanana kwa sauti, la kiatu na la maumivu. Waziri wa kazi akajibu kwamba mavazi hayo yanakubalika katika jamii pale kazi inapoyahitaji. Hapo hakucheka mtu. Mwanamke akiumia ndani ya kiatu kile ni nadhifu. Mwanamume akiumia ni kichekesho. Mguu ni mguu, jamani.

Kundi la tatu ni la wenye hasira, na kwao nitakaa kidogo. Aprili 2015 wanafunzi wanaoandaliwa kuwa maofisa wa jeshi la Marekani, katika vyuo vikuu kama Temple na Arizona State, walishiriki matembezi haya. Walivaa sare kamili za kijeshi, na miguuni viatu vyekundu vya mchuchumio. Picha zikaenea ndani ya siku chache tu. Yakazuka malalamiko kwamba baadhi yao walishinikizwa, na hilo ni lalamiko la haki. Huruma ya kuamrishwa si huruma. Lakini kelele kubwa ilikuwa nyingine: kwamba sare imedhalilishwa, jeshi limefanywa la kike, uanaume umekwisha.

Nami nikajiuliza kama wenye hasira wanajua kisigino kilikotoka. Kilitoka jeshini! Wapanda farasi wa Uajemi walivaa viatu vyenye visigino ili mguu ushike vizuri kwenye kikuku cha tandiko, askari aweze kusimama juu ya farasi anayekimbia na kufyatua mshale. Mfalme wao, Shah Abbas wa Kwanza, alipotuma wajumbe Ulaya mwaka 1599, akitafuta washirika dhidi ya Waturuki, mambo ya Kiajemi yakawa gumzo huko, na mabwana wakubwa wa Ulaya wakavipenda viatu hivyo kwa sababu vilinukia vita na ushujaa. Katika karne ya 17 wanawake wakaviiga kutoka kwa wanaume. Nenda jumba la makumbusho la Louvre, Paris, ukaitazame picha ya Louis wa Kumi na Nne, mfalme wa Ufaransa, iliyochorwa na Rigaud mwaka 1701. Mfalme ametanguliza mguu mmoja, soksi nyeupe, na kisigino ni chekundu. Wekundu ule ulikuwa alama ya watu wa baraza lake. Kwa hiyo kijana wa Temple mwenye sare na kisigino chekundu alikuwa amevaa, bila kujua, mavazi ya askari mpanda farasi na ya mfalme kwa pamoja. Toronto liko jumba la makumbusho ya viatu, la Bata, ambalo mwaka huohuo wa 2015 lilifungua maonyesho mazima kuhusu historia ya wanaume na visigino. Wenye hasira wangekata tiketi.

Lugha yetu nayo inajua jambo. Kuchuchumia ni kuinuka kwa ncha za vidole ili ufikie kitu kilicho juu. Mfalme alichuchumia enzi. Mwanamke wa mapokezi anachuchumia nini? Mshahara tu. Kiatu kimoja, na ilipofika katikati ya karne ya 18 wanaume wa Ulaya walikuwa wamekiacha, wakaanza kukiita cha kipuuzi, na tangu hapo anayekivaa mwanamume huonekana ameshuka daraja. Ndipo ninapopata wasiwasi na kicheko cha barabarani. Mwanamke akivaa suruali na koti la kiume hachekwi siku hizi, tunaona amepanda. Mwanamume akivaa kiatu cha mwanamke tunaona ameteremka. Ameteremka kwenda wapi, kama si mahali tulipomweka mwanamke?

Na kuna mwanamume mwingine, yule anayevaa hivyo siku ya kawaida, bila fulana ya hisani wala bango. Barabara ileile. Huyo hapigiwi makofi. Hutukanwa, na pengine hupigwa. Wakosoaji wa matembezi haya wamelisema hilo, na sijasikia jibu la kuniridhisha.

Lakini linalonikera zaidi ni hili. Mwanamke akibakwa, swali la kwanza la majirani, na mara nyingi la mahakama, huwa: alivaa nini? Kwa vizazi vizazi nguo imekuwa kisingizio. Halafu tunakuja kumtetea, na kitu tunachokiinua juu ili umma ukione ni vazi lake! Viatu vyenyewe ni vya karamu, vya kuchagua. Wengi waliofanyiwa ukatili huo walikuwa na kandambili, au pekupeku, ndani ya nyumba, na aliyewafanyia wanamfahamu kwa jina. Ndicho kile kitanda. Maili moja mchana, barabara imefungwa na polisi analinda, haiwezi kumfundisha mtu jinsi inavyokuwa kusikia hatua nyuma yako saa tano usiku, ukashika funguo mkononi na kujifanya unaongea na simu. Somo hilo halihitaji kisigino. Kina mama na dada walio humu ndani wanaitikia kwa vichwa. Kina baba naona mnawatazama wao kwanza.

Je, yafutwe? Hapana, mimi sitaki. Fedha zinafika, na kituo kinachopokea mwanamke usiku wa manane hakiulizi zilipatikana kwa kicheko au kwa kilio. Wapo pia wanaume waliokuja kwa mzaha, wakatembea bega kwa bega na mtu akawasimulia yaliyompata, wakarudi kimya. Ningependa tu zile dakika za mwisho zibadilike, pale viatu vinapovuliwa, watu wanasugua vidole na kupiga picha ya pamoja. Hapo ndipo ningempa kipaza sauti mwanamke mmoja, wale mabwana wakiwa wameketi chini pekupeku, wasiwe na la kuchekesha.

Yangu ni hayo. Muda wa maswali umefika, na la kwanza ni langu. Ndugu yangu wa shati la bluu, usijifiche nyuma ya mwenzako. Kipaza sauti kinakuja.