Dakika na Miaka: Mhadhara juu ya Filamu ya 12 Years a Slave

Mabibi na mabwana, nimeombwa kuzungumzia uzuri na upungufu wa filamu ya 12 Years a Slave, iliyoongozwa na Steve McQueen na kutolewa mwaka 2013, nami ningependa kuanza na neno letu wenyewe. Katika Kiswahili cha wazee, mwungwana hakuwa mtu mwenye adabu tu, bali mtu huru, asiye mtumwa wa yeyote. Solomon Northup alikuwa mwungwana kwa maana hiyo hasa. Alikuwa Mmarekani mweusi wa jimbo la New York, mpiga fidla mwenye mke na watoto, ambaye mwaka 1841 alirubuniwa kwa ahadi ya kazi hadi Washington, akatekwa, akasafirishwa hadi New Orleans na kuuzwa. Aliukomboa uungwana wake Januari 1853, na mwaka huohuo kikachapishwa kitabu cha mkasa wake, ambacho ndicho chimbuko la filamu hii.

Nionavyo mimi, filamu hii ni hodari mno wa kupima dakika ya mateso, lakini miaka imeishinda.

Tuchukue tukio la kitanzi. Baada ya Solomon kupigana na seremala mzungu aitwaye Tibeats, anatundikwa mtini. Mnyapara anazuia asiuawe, ila haikati kamba, naye Solomon anabaki akigusa matope kwa ncha za vidole vya miguu. Kamera imetulia tuli. Hakuna muziki wa kututafutia machozi, na nyuma yake watumwa wenzake wanatoka vibandani mmoja mmoja na kurudia kazi zao, huku watoto wakicheza. Kitabuni alisimama juani amefungwa, kamba shingoni, lakini hakuninginizwa namna hiyo. Mwongozaji ameongeza chumvi, nami simlaumu, kwa sababu kinachotisha pale ni kuona jinsi shamba zima lilivyokwisha kuzoea.

Ustadi huohuo uko kwenye mizani. Kila jioni pamba hupimwa, na asiyefikisha kiasi chake huchapwa viboko. Kazi ya siku ilihesabiwa kuwa ratili 200, naye mjakazi Patsey huchuma zaidi ya 500. Lupita Nyong'o, Mkenya aliyepata tuzo ya Oscar mwaka 2014 kwa nafasi hiyo, anamwigiza kwa namna ambayo hata mgongo wake unazungumza. Patsey anawapita wote shambani, na bado ndiye anayeteswa kuliko wote, na Bwana Epps, mwenye shamba la pamba, na zaidi na mkewe mwenye wivu. Anapochapwa kwa kosa la kwenda kutafuta kipande cha sabuni, tunaielewa biashara ya utumwa kuliko kwa maelezo ya saa nzima.

Sasa miaka. Northup alikaa kwa Epps takriban miaka kumi, lakini mtazamaji asiyejua jina la filamu angeweza kudhani ni misimu miwili mitatu. Hatuoni uchovu wa kupanda pamba ileile mwaka baada ya mwaka, wala zile siku tatu za mapumziko ya Krismasi ambazo kitabu kinazieleza kwa kirefu, watu wakila na kucheza kabla ya kurudi shambani. Watumwa wenzake wa kibanda kimoja karibu hawasemi neno. Wamekuwa miili ya kuteseka, ilhali mtu aliyeishi utumwani muongo mzima aliishi pia kwa mizaha, ugomvi na siri za jirani.

Kuna mabadiliko mengine ambayo siwezi kuyatetea kama nilivyotetea kitanzi. Katika filamu, mateka aitwaye Robert anachomwa kisu melini. Kitabuni alikufa kwa ndui. Katika filamu, Patsey anamsihi Solomon amuue. Kitabuni ni mke wa Epps aliyejaribu kumhonga Solomon amuue Patsey kwa siri. Badiliko hili la pili si dogo, kwa kuwa limeuondoa uovu kwa bibi mwenye shamba na kuugeuza kuwa kukata tamaa kwa mjakazi.

Upungufu unaoniudhi zaidi uko mwishoni. Seremala Bass, Mkanada, anakubali kupeleka barua ya Solomon, na baada ya muda mfupi gari la farasi linatokea shambani. Kumbe nyuma ya gari lile kulikuwa na sheria ya New York ya mwaka 1840, iliyomruhusu gavana kutuma mjumbe kuwarejesha raia waliotekwa na kuuzwa, na kulikuwa na mwanasheria Henry B. Northup, wa ukoo uliowahi kummiliki baba yake Solomon, aliyesafiri hadi Louisiana na hati mkononi. Hayo yote yameachwa, na ukombozi ukabaki kama bahati ya kukutana na mzungu mwema.

Hata kesi iliyofuata imepata nafasi finyu. Northup alimshtaki mfanyabiashara wa watumwa wa Washington aliyemfungia, lakini mahakamani hakuruhusiwa kutoa ushahidi, kwa kuwa mtu mweusi hakuweza kushuhudia dhidi ya mzungu, na mshtakiwa akaachiwa. Filamu iliyomkazia macho mtu kitanzini bila kupepesa inalipitisha jambo hili kwa mistari michache ya maandishi, skrini ikiwa imekwisha kuwa nyeusi.