Vizibo, Nta na Chaki: Skelly Katika Mitaa ya Bronx

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tuko New York, Bronx ya Kusini, miaka ya 1970. Kaka Baraka, wengi wanaijua kwa picha za majengo yaliyoungua.

BARAKA: Na picha hazikudanganya, dada. Kati ya 1970 na 1980, maeneo saba ya sensa huko Bronx yalipoteza zaidi ya asilimia 97 ya majengo yake kwa moto na kutelekezwa. Wako wenye nyumba waliochoma ili walipwe bima, na jiji nalo likafunga vituo vya zimamoto. Katikati ya hayo, wavulana wa Kipuerto Riko na wenzao Weusi walikuwa wamepiga magoti barabarani wakicheza skelly, mchezo wa kufyatua kizibo cha soda kutoka kisanduku kimoja cha chaki hadi kingine kwa kufuata namba. Uzuri waliutengeneza kwa mikono, tena kwa vipimo.

ZUHURA: Tuanze na kizibo basi.

BARAKA: Kizibo cha soda cha bati, kama vile vya kuchezea drafti. Kilipatikana bodega, duka la mtaani, pale soda zinapofunguliwa. Chagua kilichonyooka. Kilichokunjwa na kifungulio huyumba, hakiendi ulikolenga. Bandua utando wa ndani, kilaze mgongo chini, ujaze nta ya mshumaa au ya krayoni zilizovunjika.

ZUHURA: Nta ni ya uzito tu?

BARAKA: Uzito na utulivu. Kitupu hurukaruka kwenye lami, kikigongwa kinatupwa mbali. Ila usijaze kwa mkupuo mmoja: nta ikipoa hunywea, katikati panabaki shimo. Jaza nusu, igande, umalizie. Rangi usizikoroge, zitageuka tope. Mimina nyekundu, subiri ishike, ndipo njano. Ikimwagika ukingoni ikwangue, la sivyo kizibo kitakwama. Kisha sugua mgongo kwenye saruji mpaka uwe laini.

ZUHURA: Hapo mimi nanyanyua mikono. Jengo la jirani ni kifusi, na mtoto anahangaikia njano isichanganyike na nyekundu!

BARAKA: Na mistari iwe imenyooka. Uwanja ni mraba wa chaki, kama mita mbili kila upande, juu ya lami isiyo na nyufa. Visanduku 12 hupangwa pembeni, na cha 13 katikati. Namba zinazofuatana hutenganishwa, ili mara nyingi uvuke uwanja kutoka upande hadi upande.

ZUHURA: Na unafyatua kwa kidole.

BARAKA: Kidole cha kati au cha shahada, kikizuiwa na gumba. Ukiingia kisanduku bila kugusa mstari, unapiga tena. Wengi huharibu kwa kutumia nguvu: kizibo kinapita, kinaangukia eneo la hatari linalozunguka 13. Hapo unakaa mpaka mwenzako akugonge utoke.

ZUHURA: Nani atajisumbua kumkomboa mpinzani?

BARAKA: Anayepata faida! Mitaa mingi, ukimgonga mtu unasogezewa hatua. Ndiyo maana wanabembelezana na kuahidiana wakiwa wamechuchumaa.

ZUHURA: Na ukimaliza 13?

BARAKA: Unarudi kinyume hadi 1, kisha unakuwa muuaji, unawinda vizibo vya wenzako. Kwingine mapigo matatu yanamtoa mtu, kwingine sheria ni nyingine. Kwa hiyo kubalianeni kabla mtu wa kwanza hajafyatua, maana ugomvi mwingi huanzia hapo.