Kangaga lina maisha mawili

Haya, asanteni, tuanze na hili jani la kangaga nililoshika hapa. Nikiligeuza mnaona hivi vidoti vya kahawia kwa chini? Wengi wanadhani ni ugonjwa wanayakata, jamani msiyakate, huo ndio uzazi wenyewe! Kila kidoti ni kundi la vifuko vidogo mno vyenye spora, yaani chembe za uzazi kama vumbi, na kila kifuko kimezungukwa na mshipi wa seli ambao ukikauka unajivuta kinyumenyume mpaka unafyatuka kama manati, spora hizo zinaruka.

Sasa hapa ndo watu wanapotea, wanajua spora ikianguka inaota kangaga. Hapana. Kinaota kitu kingine kabisa, kimoyo cha kijani, chembamba, aghalabu hata sentimita 1 hakifiki, kimelala juu ya udongo na kinajitengenezea chakula chenyewe. Hicho ndo chenye mayai na mbegu za kiume, na hizo mbegu zina mikia mingi, zinaogelea, kwa hiyo pasipo maji hata ya utando tu hakuna mtoto. Yai likitungishwa, kangaga changa linachipua palepale juu ya kimoyo, na kimoyo kinakufa.

Sasa mmea uitwao mosi, ile zulia laini ya kijani kwenye mawe yenye unyevu, umegeuza mambo. Pale zulia ndo upande wa mayai na mbegu, na upande wa spora ni kale kauzi kenye kikopo juu, kamesimama juu ya mama yake kananyonya kwake maisha yake yote. Kuna spishi kama 12,000 za mosi na hakuna hata moja yenye mizizi ya kweli.

Aliyegundua kwamba mizunguko hii ya maisha, wa kangaga na wa mosi, ni mmoja ni Wilhelm Hofmeister wa Leipzig, Ujerumani, mwaka 1851, ana miaka 27, hajasoma chuo kikuu, anauza vitabu na baba yake! Mimi huyu namheshimu sana.

Na kule Rhynie, Uskoti, kuna mawe ya miaka kama milioni 407 yaliyohifadhi mimea mpaka seli zake, na humo pande zote mbili zilisimama wima, zina shina, mmea mmoja mpaka leo una majina mawili, Aglaophyton upande wa spora, Lyonophyton upande wa mayai na mbegu.

Kimoyo kiko kwenye kile kisahani, lenzi ile pale, njooni mmojammoja, ila kinyunyizieni maji kisikauke.