José Antonio Gutierrez: Raia Baada ya Kufa

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Naomba leo tumkumbuke kijana mmoja kwa jina lake kamili: José Antonio Gutierrez, mzaliwa wa Guatemala, askari wa Marine wa Marekani. Aliuawa tarehe 21 Machi 2003 karibu na bandari ya Umm Qasr, kusini mwa Iraki, vita ndiyo kwanza vimeanza. Alihesabiwa miongoni mwa Wamarekani wa kwanza kufa kule, na siku anakufa hakuwa raia wa Marekani.

Waliotaka vita wakamfanya kielelezo cha uzalendo. Waliovipinga wakamfanya kielelezo cha maskini anayetangulizwa mbele. Kati ya makundi hayo mawili, José mwenyewe akapotea, na hilo linaniuma.

Alizaliwa nchi yake ikiwa vitani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Guatemala vilianza mwaka 1960, vikaisha 1996, na zaidi ya watu 200,000 waliuawa au kutoweka. Alibaki yatima angali mdogo, akalala barabarani jijini Guatemala City, kisha akapata hifadhi Casa Alianza, shirika linalotunza watoto wa mitaani. Baadaye akaelekea kaskazini, akidandia treni za mizigo kuvuka Meksiko. Juu ya behewa usiku hakuna kusinzia: unashikilia chuma kwa mikono iliyokufa ganzi, na ukiteleza, magurudumu yako chini yako. Alipofika California akajipunguzia umri, maana mtoto asiye na mzazi hutafutiwa mlezi, mtu mzima hurudishwa. Simlaumu hata kidogo.

Akalelewa na familia za watu, akajifunza Kiingereza, akacheza soka, akaandika mashairi. Alitamani kuwa msanifu wa majengo. Dada yake alibaki Guatemala, na José alitaka kumsaidia. Waliomlea walisema alijiunga na jeshi ili kuilipa fadhila nchi iliyompokea. Ikaja kuelezwa kwamba risasi iliyomuua ilitoka upande wa wenzake.

Wakati huo jeshi la Marekani lilikuwa na wasio raia wapatao 37,000. Siku chache baada ya kifo chake, José akapewa uraia. Kardinali Roger Mahony wa Los Angeles alilalamika waziwazi kwamba sera ya uhamiaji ina kasoro kubwa ikiwa mtu lazima afie vitani ndipo akubaliwe. Nakubaliana naye kabisa. Marehemu hapigi kura, hamwombei dada yake viza.

Novemba 2003 sheria ilibadilishwa: muda wa askari kungoja kabla ya kuomba uraia wakati wa amani ukapunguzwa kutoka miaka mitatu hadi mmoja, na familia za waliofia kazini zikapata haki za uhamiaji ambazo awali hazikuwepo.

Humu ukumbini wamo wazazi wenye watoto jeshini. Wazazi, waulizeni watoto wenu leo hii kama wameshapeleka fomu N-400, ile ya kuomba uraia wa Marekani. Asiyejua pa kuanzia, abaki nami tuijaze pamoja.