Kirusi Kisichopiga Hodi

Mama zangu, shikamooni. Dada zangu, habari za mchana. Asanteni kwa kunipa nafasi kwenye kikoba chenu hapa Temeke.

Nianze na jambo linaloniumiza. Mwanamke anapima, anaambiwa ana HPV, kirusi cha ngono kinachoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi, anarudi nyumbani akilia: ama mume ametoka nje, ama yeye ndiye atakayeitwa malaya. Jamani, wengi wetu tunaojamiiana hukipata kirusi hiki wakati fulani, na kinaweza kukaa kimya kwa miaka. Majibu ya leo hayasemi kiliingia lini wala kimetoka kwa nani. Naomba mkawaambie na waliobaki majumbani.

Kwa nini kinakaa kimya? Malaria ikikushika, mwili unachemka. HPV haileti homa. Hupenya kwenye mkwaruzo mdogo wa mlango wa kizazi, kikajificha katika seli za tabaka la chini. Hakisambai kwenye damu, wala hakiui seli. Husubiri seli zipande juu, ambako zingekufa na kubanduka zenyewe hata kama kisingekuwapo, kisha hutoka nazo. Pasipo na msiba, majirani hawakusanyiki. Pale pale zipo seli za ulinzi ambazo kazi yake ni kama ya mjumbe wa nyumba kumi: kumwona mgeni na kupeleka taarifa. Kirusi huzipunguza, na huizuia seli iliyoambukizwa isitoe interferoni, ndiyo sauti yake ya kuomba msaada.

Taarifa huchelewa, lakini kwa kawaida hufika. Seli T, askari wa mwili, zikishakitambua, huzisaka seli zilizoambukizwa. Kwa wanawake takriban 9 kati ya 10, ndani ya miaka miwili hivi kipimo hakikioni tena. Hawajanywa dawa yoyote, maana dawa ya kukiua haipo. Anayekuuzia ya kusafisha kizazi anakula hela yako bure.

Hofu yangu ni kwa yule ambaye kwake hakiondoki. Aina ya 16 na ya 18 peke yake husababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Zikikaa miaka mingi, protini zake huondoa breki zinazoizuia seli isigawanyike ovyo. Na seli T ndizo VVU huzishambulia, kwa hiyo mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya saratani hii mara sita zaidi.

Mmeniuliza kuhusu chanjo. Ukiambukizwa, kingamwili unazotengeneza, yaani chembe za mwili za kukinasa kirusi, huwa chache, na wengine hawatengenezi kabisa. Chanjo ni ganda tupu la kirusi, haiwezi kuambukiza. Inachomwa kwenye msuli wa bega, mahali ambapo taarifa hufika upesi. Kingamwili zinazotoka ni nyingi, huchujuka hadi mlango wa kizazi na kukinasa kirusi kabla hakijaingia kwenye seli. Kilichokwisha kuingia, chanjo haikitoi. Ndiyo maana tunawachanja mabinti wa miaka 9 hadi 14, na tangu 2024 hapa Tanzania ni dozi moja tu. Utafiti uliofanyika Mwanza ni miongoni mwa tafiti zilizoonyesha kwamba moja inatosha.

Sisi wakubwa tuna kipimo cha siki. Muuguzi anaipaka kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja, anaangalia kama pana weupe. Ukionekana mapema, mara nyingi huondolewa kwa kugandisha au kwa joto, na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mwenye kadi ya CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, usisubiri kufika miaka 30 ndipo upime.